Shajara ya mradi: kugeuza stoo ya gereza kuwa chumba cha utulivu wa hisi

Ingizo la 1. Stoo na sababu

Jengo ni gereza la wanaume la mjini, nchini Uingereza, la enzi za Malkia Victoria: matofali yaliyopakwa rangi ya mafuta, ngazi na vibaraza vya chuma, nyavu za waya kati ya ghorofa na ghorofa, na paa refu linalorudisha chini kila sauti inayopanda. Geti likibamizwa chini, aliye ghorofa ya juu analisikia kifuani. Wengi huizoea kelele hiyo baada ya muda. Mtu mwenye usonji (autism) mara nyingi haizoei. Ubongo wake haupunguzi nguvu ya sauti inayojirudia, kwa hiyo kishindo cha jioni kinampata kama cha kwanza cha asubuhi.

Julai 2021 wakaguzi wa mfumo wa haki za jinai wa Uingereza na Wales walitoa ripoti ya pamoja iliyokadiria kuwa huenda nusu ya watu wazima wanaoingia gerezani wana aina fulani ya tofauti ya neva: usonji, ADHD (shida ya umakini na kutulia), disleksia (ugumu wa kusoma), ulemavu wa kujifunza, au jeraha la ubongo. Baada ya hapo magereza yalianza kuajiri mameneja wa kushughulikia kundi hili. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usawa ya 2010 inazidai taasisi za umma zifanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu, na mfungwa hajatolewa humo. Tunaliandika hili mwanzoni kwa sababu litarudi kila mara idara ya fedha itakapouliza kama chumba hiki cha kuwatuliza watu hawa ni anasa.

Wapo waliotangulia. Taasisi ya vijana ya Feltham, London, ilipata ithibati ya kuhudumia watu wenye usonji mwaka 2016. Gereza la Parc, karibu na Bridgend huko Wales, lina kitengo kizima kiitwacho Cynnwys. Wazo lenyewe la chumba cha hisi ni la Uholanzi, miaka ya 1970, katika taasisi ya De Hartenberg ambako Jan Hulsegge na Ad Verheul waliliita snoezelen: mirija ya maji yenye mapovu, nyuzi za mwanga, vitambaa vya kila aina. Tumechukua wazo. Vifaa vyake vingi havifai gerezani, na sababu zimo katika maingizo yanayofuata.

Ingizo la 2. Kutembea na kusikiliza kabla ya kununua

Katalogi za vifaa zilikuwa mezani kabla ya mtu yeyote kuuliza shida iko wapi. Tuliziweka kando. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku, alizunguka bloku nzima pamoja na wafungwa wanaofanya kazi ya uwakilishi wa wenzao, saa zilezile ambazo vurugu hutokea: kugawa chakula, kufunguliwa asubuhi, foleni ya dawa. Kila kituo kiliandikwa kwa milango ya fahamu: unasikia nini, unaona nini, unanusa nini, nani anakugusa.

Orodha iliyotoka haina hata kitu kimoja kinachotibiwa na bomba la mapovu. Kuna mlio wa redio za askari, funguo zinazogongana kiunoni, taa za mirija zinazovuma, klorini ya kupigia deki, miili inayosukumana kwenye foleni, na kutojua mlango utafunguliwa saa ngapi. Hicho cha mwisho si cha hisi kwa maana ya kitabuni, ila kila mtu alikitaja, na mwili unaosubiri usichokijua husikia kelele mara mbili.

Jambo la pili lililojitokeza: mahitaji yanapingana. Wapo wanaokwepa, yaani sauti, mwanga na mguso vinawazidi. Wapo wanaotafuta, hasa wenye ADHD, ambao hutulia kwa kusukuma, kubembea na kubeba kizito. Ukiwaweka pamoja katika chumba kimoja dakika ileile, mmoja atamharibia mwenzake. Uamuzi: mtu mmoja kwa wakati mmoja, na chumba kiwe na pembe mbili, moja tulivu na moja ya nguvu.

Ingizo la 3. Mwangwi

Stoo ina urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.0 na kimo cha mita 2.6. Ujazo ni mita za ujazo 32.8, na nyuso zote kwa jumla ni mita za mraba 62.6. Tofali lililopakwa rangi na sakafu ya zege hunyonya asilimia 2 au 3 tu ya sauti inayolifikia. Kwa kanuni ya Sabine, yaani 0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji, sauti inachukua kama sekunde 3.4 kufifia kwa desibeli 60. Hicho ni kisima. Ukizungumza humo maneno yanapandana, na mtu anayechelewa kuchakata maneno hapati chochote.

Lengo tuliloweka ni kati ya sekunde 0.4 na 0.6. Chini ya 0.3 pia hapafai: chumba kinakuwa kimekufa, mtu anaanza kusikia pumzi yake mwenyewe, na wengine hilo linawatisha kuliko kelele.

Paneli za kawaida za ofisini, zile za sponji iliyovikwa kitambaa, zilikataliwa na idara ya usalama papo hapo, na walikuwa na haki. Kitambaa kinachanika kwa kucha, nyuma yake panafichwa simu ndogo au wembe, na sponji isiyo na cheti cha moto hutoa moshi wa sumu. Tumetumia njia mbili. Dari lote, mita za mraba 12.6, limefunikwa kwa bodi za pamba-mwamba (nyuzi za mwamba ulioyeyushwa) na juu yake plasta ya kunyonya sauti isiyo na maungio. Kwa unyonyaji wa 0.8, hesabu inashuka hadi sekunde 0.47.

Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Sabine inadhani sauti inasambaa sawasawa kila upande, lakini kuta nne bado ni ngumu na zinatazamana, kwa hiyo ukipiga kofi moja unasikia mlio wa haraka unaotetemeka, tararara, kati ya ukuta na ukuta. Dari haliwezi kuuzuia. Dawa yake ni kufunika ukuta mmoja katika kila jozi, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Tumeweka mita 4 za mraba za paneli za chuma chenye matundu ya milimita 2, nyuma yake pamba-mwamba ya milimita 50, na ukingo wa juu umeinamishwa nyuzi 45 ili kamba isishike. Kwenye karatasi sasa ni 0.37, na chumba halisi huwa juu ya karatasi, kwa hiyo tumo ndani ya lengo.

Paneli hizi hazifanyi lolote kwa kishindo cha geti. Kishindo hakipiti hewani peke yake. Kinasafiri ndani ya chuma na matofali. Hicho hutibiwa kwenye chanzo: vipande vya mpira mgumu kwenye fremu ya kila geti la ghorofa hiyo, vimefungwa kwa skrubu za usalama zenye pini katikati. Gundi peke yake huachia majira ya baridi. Mpira ukizidi unene, kufuli halifiki mahali pake, na askari atang'oa kipande siku hiyohiyo kwa sababu geti lisilofunga ni kosa kubwa kuliko geti linalopiga kelele. Kwa hiyo kila geti linapimiwa nafasi yake lenyewe.

Kuziba kingo: silikoni ya kawaida huchunwa kwa kijiko. Tumia mastiki ngumu isiyochimbika, na uipe siku zake za kukauka kabla ya kufungua chumba.

Ingizo la 4. Mwanga

Taa za mirija zenye balasti ya zamani (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) humeta mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wa Uingereza ni hertz 50 na taa huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Balasti nayo huvuma kwa sauti ileile. Wengi hawalioni wala hawalisikii. Wenye usonji na wenye kipandauso wanaweza kuliona, na hueleza kama ukuta unaotetemeka.

Kuhamia LED hakumalizi shida, na hapa ndipo miradi mingi huangukia. Taa ya LED ya bei nafuu hupunguza mwanga kwa kujiwasha na kujizima haraka, na kadiri unavyoipunguza ndivyo muda wa giza unavyorefuka. Yaani chumba kinameta zaidi pale hasa mtu anapotaka utulivu. Kuna madereva ya LED, yaani vifaa vinavyoilisha taa umeme, yanayopunguza mkondo wenyewe badala ya kuukatakata. Hayo ndiyo ya kuagiza. Ikilazimu kutumia yanayokatakata, yawe ya zaidi ya hertz 3,000, kiwango ambacho mwongozo wa IEEE 1789 wa 2015, wa jumuiya ya wahandisi wa umeme, unakichukulia kuwa hakina madhara yanayoonekana.

Namna ya kupima: kamera ya simu yenye mwendo wa polepole huonyesha mistari ya giza. Simu haziingii getini, ni kosa la jinai, kwa hiyo kipimo hicho kinafanyika karakana ya nje kabla taa haijafungwa. Ndani ya gereza tumia kalamu: ipunge haraka chini ya taa. Ukiona kivuli laini, taa ni nzuri. Ukiona kalamu nyingi zilizosimama kama meno ya chanuo, irudishe. Pima kwa mwanga kamili, kisha kwa nusu, kisha kwa kiwango cha chini kabisa, maana taa inayofaulu juu inaweza kufeli chini.

Tuliyofunga: taa za kelvini 2,700, zinapungua kutoka luksi 150 hadi karibu 10, kioo cha polikaboneti (plastiki ngumu) cha daraja la IK10 la kustahimili mapigo, zimezama darini na kingo zake zimezibwa. Mwanga unaelekezwa ukutani ili usimpige mtu machoni. Askari akichungulia lazima aone mikono na uso, kwa hiyo giza kamili halipo na halitakuwapo. Taa ya dharura ina kijani kidogo kinachoonyesha kuwa betri inachaji. Kwenye luksi 10 kijani hicho hung'aa kama jicho la paka. Hairuhusiwi kukiziba. Tumeihamisha taa hiyo juu ya mlango, nyuma ya mtu aliyekaa pembe tulivu.

Ingizo la 5. Rangi

Kuna aliyependekeza waridi. Hadithi yake ni ya 1979, gereza la jeshi la majini huko Seattle, ambako Alexander Schauss alidai waridi fulani hupunguza ukali wa mahabusu kwa dakika chache, na magereza ya nchi nyingi yakapaka. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2015, wenye selo za kulinganisha, haukuona tofauti. Tumepaka kijani cha majani makavu kisichong'aa, rangi ya maji yenye harufu ndogo, kinachorudisha nusu ya mwanga. Fremu ya mlango ni nyeusi zaidi kwa pointi 30 za kipimo hicho cha kurudisha mwanga ili asiyeona vizuri aione. Hakuna michoro, hakuna mistari. Imetosha.

Ingizo la 6. Viti, uzito na vitu vya mkononi

Bomba la mapovu lilianguka hapa. Akriliki ikipasuka hutoa vipande virefu vikali, maji yaliyosimama yenye uvuguvugu ni mazalia ya bakteria wa legionela, na pampu inahitaji soketi. Ikilazimu kuwa nalo, liwekwe nyuma ya dirisha la polikaboneti, na likiwa nyuma ya dirisha ni runinga tu.

Mito ya shanga za polistirini haiingii: shanga zikimwagika haziokoteki zote, na ndani yake panafichika chochote. Tumechagua sponji nzima iliyokatwa umbo la V, inayombana mtu mabegani na nyongani anapoketi. Mbano huo ndio shinikizo la kina ambalo blanketi zito hulitoa, bila kuwa na blanketi. Sponji na gamba lake vina cheti cha jaribio la moto la Uingereza, BS 5852, chanzo cha moto namba 7. Cheti cha chanzo namba 5, ambacho wauzaji wengi hukitoa kwanza kwa sababu kinatosha hotelini, hatukukikubali.

Kuhusu blanketi zito lenyewe. Mwongozo wa kawaida ni asilimia 10 ya uzito wa mwili, yaani mtu wa kilo 80 apate la kilo 8. Kilo 8 za shanga za kioo ndani ya kitambaa ni silaha, na kitambaa chake kinakunjika kuwa kamba. Kwa aliye chini ya uangalizi wa kujidhuru halifai kabisa. Hata kifuko cha mapajani cha kilo 2.5 kinazungushwa kama rungu. Tumeviacha vyote.

Gamba la kiti lilileta ubishi mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Vinili nene inafutika, ni imara, lakini inanata kwenye ngozi yenye jasho na inalia kila mtu akijigeuza. Kwa anayekwepa sauti na mguso, kiti hicho ni adhabu. Kitambaa kilichopakwa poliyurethani, cha aina ya magodoro ya hospitali, ni kimya na kinanyumbulika, ila klorini inakila. Kwa hiyo usafi umegawanywa: kati ya mtu na mtu ni sabuni isiyo na harufu na kitambaa chenye maji; klorini ya sehemu 1,000 kwa milioni hutumika jioni tu au uchafu wa mwili ukionekana, na ya sehemu 10,000 damu ikionekana, kisha suuza. Bila kusuuza, gamba hupasuka kwenye mishono kwanza, na mshono uliopasuka ni mfuko wa kufichia.

Pembe ya nguvu ina kiti cha kubembea cha plastiki nzito iliyomiminwa kipande kimoja, hakina kiungo wala skrubu, na ndani kimejazwa mchanga ili kisinyanyuliwe. Kuna pia bodi ya kusukuma iliyofungwa ukutani kwa nanga za kemikali, kimo cha kifua, yenye alama mbili za viganja. Mtu husukuma kwa sekunde 10, huachia, hurudia. Bendi za mpira za mazoezi zingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini ni kamba.

Vitu vidogo vya mkononi vilichujwa na idara ya usalama kimoja baada ya kingine, na sababu zao zinafaa kujulikana na yeyote anayeagiza:

Udongo laini wa kufinyanga hapana, kwa sababu huchukua umbo la ufunguo. Mchanga wa kuchezea hapana, huingia kwenye makufuli. Sumaku hapana. Vizungusho vyenye beringi za chuma hapana. Mipira yenye jeli ndani ikipasuka inanata kila mahali na huwezi kujua ndani palikuwa na nini tena. Silikoni ya kipande kimoja, ya kubonyeza au kutafuna, ndiyo iliyobaki, pamoja na vipande vya mbao laini vilivyopigwa msasa. Vyote vinatundikwa kwenye ubao wenye vivuli vilivyochorwa, kama zana za karakana ya gereza, ili askari akitupa jicho moja ajue kipi hakipo.

Ingizo la 7. Harufu

Hakuna mafuta ya lavenda, hakuna udi, hakuna dawa ya kupulizia. Harufu ambayo humtuliza mmoja humpa mwenzake kipandauso, na harufu kali huficha moshi wa bangi ya kemikali. Chumba kipya kinanuka rangi na sponji hata hivyo. Mlango uliachwa wazi na feni ikafanya kazi usiku kucha mpaka harufu ikatoka, na hapo ndipo watu wakaalikwa.

Feni ya kudumu imewekwa mbali, kwenye korido, na bomba lake lina kipande cha kunyonya sauti. Feni ndogo ya haraka ukutani ingekuwa rahisi, ila hulia kwa mlio mwembamba usiokatika.

Ingizo la 8. Vitufe na sauti

Gerezani mtu hawashi taa apendavyo, hafungui mlango, hachagui saa ya kuoga. Kwa hiyo vitufe vimewekwa ndani, mkononi mwa mtumiaji, na vimepewa kipaumbele kuliko kifaa chochote cha kupendeza. Viko vitatu: mwanga, sauti, zima vyote. Ni vya chuma, vimesawazika na ukuta, vinafanya kazi kwa volti 24. Kigeuza umeme na kila kitu cha volti 230 kiko kwenye kabati la korido lenye kufuli, na saketi ina kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja.

Kitufe kikichelewa hata nusu sekunde, mtu hubonyeza tena na tena, mwanga unaruka viwango, na kilichokuwa cha kumpa mamlaka kinamkasirisha. Programu ya kwanza ya mkandarasi ilikuwa na ucheleweshaji huo kwa makusudi, eti kuzuia kubonyeza kwa bahati mbaya. Umeondolewa. Mwanga sasa unabadilika hapohapo unapoguswa, ila kwa mteremko laini wa sekunde mbili.

Sauti ni mvua, bahari na mvumo laini usiobadilika. Ndege wameondolewa kwa sababu mlio wao mkali hukata masikio ya baadhi ya watu. Rekodi fupi inayojirudia ni hatari ndogo isiyotarajiwa: mtu mwenye sikio la mpangilio huigundua sehemu ya kuungia mara ya pili inapopita, na kuanzia hapo anaingojea badala ya kupumzika. Kila rekodi ina urefu wa zaidi ya dakika 40 na miisho imefifishwa ikapandana. Kichezeshi hakina intaneti, hakina Bluetooth, na tundu lake la USB limezibwa.

Projekta ya mandhari ilijadiliwa. Mfano unaotajwa sana ni chumba cha buluu cha gereza la Snake River, Oregon, kilichoanza 2013 kwa msukumo wa mwanaekolojia Nalini Nadkarni. Wafungwa wa vizuizi vya upweke walioonyeshwa video za misitu na bahari walifanya makosa ya vurugu machache kwa asilimia 26 kuliko wasioonyeshwa. Takwimu inavutia, lakini inahusu watu wasioona hata mti mmoja kwa wiki nzima. Si hali ya bloku hii, na waliolengwa kule hawakuchaguliwa kwa tofauti za neva. Picha zinazosogea huwazidi baadhi ya watu wetu. Projekta inasubiri.

Ingizo la 9. Mlango

Hili ndilo ingizo la kusomwa kwanza na yeyote anayepanga chumba kama hiki. Mwangwi ukiwa mzuri na taa zikiwa safi, chumba kitakufa kama hakuna wa kukifungua. Chumba cha utulivu chenye kufuli na ratiba ya Jumanne saa nane ni stoo tena, safari hii yenye rangi nzuri.

Sababu ni ya kimwili. Mtu anayeelekea kulipuka ana muda mfupi wa kusaidiwa: anaanza kuzunguka selo, anarudia maneno, anaziba masikio, au kinyume chake ananyamaza na kukauka. Akifikishwa chumbani hapo, anashuka. Akifikishwa baada ya kulipuka, amekwisha kushikwa na askari, na chumba kinakuwa mahali anapopelekwa kwa nguvu. Chumba kikishahusishwa na nguvu mara moja, hatakirudia kwa hiari.

Utaratibu uliokubaliwa na mkuu wa gereza ni huu. Mtumiaji ana kadi ya rangi. Kuionyesha kunatosha, hahitaji kueleza, kwa sababu maneno ndiyo yanayopotea kwanza. Askari yeyote wa ghorofa anaweza kufungua, si meneja wa kitengo peke yake. Muda ni dakika 20, zinaonyeshwa na mstari wa taa ukutani unaopungua, bila king'ora. Dakika mbili kabla ya mwisho askari anagonga fremu mara moja na kusema sentensi moja. Mlango unafunguka kwa nje ili usizibwe kutoka ndani, una dirisha la kuchungulia, na haufungwi kwa ufunguo mtu akiwa ndani. Hilo la mwisho lilibishaniwa sana, lakini mtu aliyefungiwa yuko selo, hata kama kuta ni za kijani.

Chumba hakipo kwenye ngazi za motisha. Hakitolewi kama zawadi kwa tabia njema wala hakinyimwi aliyeandikiwa kosa. Wapo askari waliosema hivyo ni kumlipa mkorofi. Jibu lililofanya kazi ni la miwani: huwezi kumnyang'anya mtu miwani kwa kuwa alitukana.

Mafunzo ya askari ni mafupi na yanarudiwa katika zamu zote, ya usiku ikiwemo. Sauti moja tu inazungumza. Sema kidogo, kisha subiri hadi sekunde 10 kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Ukibadilisha sentensi, aliyekuwa katikati ya kuichakata anaanza upya. Usidai akutazame machoni. Usimguse. Redio iwe kwenye kisikizi, funguo ndani ya pochi.

Kinachovunja utaratibu mara nyingi ni saa za kuhesabu wafungwa na upungufu wa askari. Wakati wa kuhesabu hakuna mtu anayesogea, basi. Hapo chumba hakina msaada, na ndiyo maana ingizo linalofuata lipo.

Ingizo la 10. Boksi la selo

Mtu hukaa chumbani dakika 20 na selo saa nyingi. Boksi la plastiki laini kwa kila aliyependekezwa lina: vizibo vya masikio vya sponji jozi 5, vinavyobadilishwa kila wiki, kinga ya macho isiyo na lastiki ndefu, inayofungwa kwa kibandiko cha kunata kinachoachia kikivutwa, kitu kimoja cha silikoni, kadi ya ratiba ya siku yenye picha, na kalamu ya kufutika ya kuweka alama kilichokwisha. Kadi ya picha imewasaidia pia wasiosoma Kiingereza vizuri, ambao hawakuwa walengwa.

Vizibo vichaguliwe vya nguvu ya kati, si vile vikubwa kuliko vyote, maana king'ora cha moto lazima kisikike na askari wa usiku lazima ajibiwe anapogonga. Selo ya mwenye boksi ina alama ndogo mlangoni ili kutojibu haraka kusihesabiwe ukaidi. Vifuniko vya masikio vyenye waya wa chuma kichwani havikupita.

Ingizo la 11. Kinachoandikwa

Daftari la mlangoni lina safu chache: saa kadi ilipoonyeshwa, saa mlango ulipofunguliwa, saa ya kutoka, na kama ombi lilikataliwa, kwa nini. Tofauti kati ya saa mbili za kwanza ndiyo takwimu tunayoifuatilia kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosema kama chumba kipo au ni picha ya ripoti.

Mtumiaji anajaza duara moja kati ya matano anapoingia na anapotoka, kutoka tupu hadi lililojaa. Nyuso za kucheka na kununa hazitumiki: wengi wenye usonji hupata shida kutaja hisia zao, lakini wanaweza kusema mwili umejaa kiasi gani. Karatasi hizi haziingii kwenye faili la usalama. Zikiingia, watu wataacha kuja.

Kulinganisha idadi ya matukio ya nguvu kabla na baada ni jaribu kubwa la ofisi za juu. Tumeandika tahadhari kwenye kila jedwali: gereza la mjini hupokea na kutoa watu kila siku, kwa hiyo wa mwezi huu si wa mwezi uliopita, na mtu huelekezwa kwetu katika wiki yake mbaya kuliko zote, ambayo kwa kawaida ingefuatiwa na wiki nafuu hata bila chumba.

Ingizo la 12. Akiba na kazi zilizobaki

Akiba ya kabati la korido: dereva mbili za LED za aina ileile, si "inayofanana", kwa kuwa fundi wa zamu akifunga ya kukatakata mkondo hakuna atakayegundua isipokuwa mtumiaji, kitufe kimoja, gamba moja la kiti, mastiki, vipande 6 vya mpira wa geti vilivyokatwa kwa vipimo vyake, kila kimoja kimeandikwa namba ya geti.

Ukaguzi wa kila wiki: mishono ya gamba kwa kidole, mastiki kwa kucha, ubao wa vivuli kwa macho, kalamu chini ya taa kwa kiwango cha chini, kofi moja katikati ya chumba.

Bado: mpira wa geti la ngazi haujafungwa, unasubiri idara ya makufuli ipime. Chumba cha kupokelea wafungwa wapya kina taa za mirija na televisheni isiyozimwa, na ndiko mtu anakokaa saa zake za kwanza. Ombi la kubadilisha taa hizo limepelekwa pamoja na jedwali la muda wa kusubiri mlango. Bajeti yake ni ya mwaka ujao wa fedha, isipokuwa swichi ya televisheni, ambayo haigharimu kitu na inahitaji tu msimamizi wa zamu kuamua nani anaruhusiwa kuizima.